Jina Lisilofika Uholanzi

Ukitoka stendi ya Bariadi kwa barabara ya kiwandani, kabla hujafika kwenye mizani ya pamba, utaona benchi refu lililoegemezwa ukutani mwa nyumba ya rangi ya maziwa, chini kabisa ya dirisha la sebule. Ubao wake zamani ulikuwa mlango wa ghala la chama cha msingi cha wakulima wa pamba, lile ghala lililofungwa wanunuzi binafsi walipoingia na kila mwenye mfuko akaja na mizani yake. Mwenye nyumba, mzee Jilala, aliyekuwa karani wa chama hicho kwa miaka kumi na tisa, aliuomba mlango huo kabla mchwa hawajaumaliza, akaupigia miguu. Hapo ndipo watu hukaa mchana, muuza kahawa akishatua birika. Jumamosi hiyo ya Agosti mwaka 2012, miezi michache tu tangu Bariadi iwe makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, malori yalikuwa yakipita yakidondosha nyuzi za pamba barabarani, na Karani, kama wote walivyozoea kumwita, alikuwa amekaa na daftari gumu mapajani. Ilikuwa saa nane. Saa kumi mtandao wa nyumba yake ulipaswa kushika, na kwa majuma matatu ulikuwa ukishika na kukatika.

— Mwadeela, ngosha. Leo ndiyo leo?

Aliyemwamkia kwa Kisukuma na kuuliza alikuwa Luhaga. Kijiwe kizima kilimwita Soko Huria, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kuikusanyia pamba kampuni binafsi, na tangu siku hiyo hakuna jambo duniani ambalo hakulieleza kwa ushindani wa makampuni.

— Leo ndiyo leo, Karani alijibu. Saa kumi.

— Na ukikatika tena?

— Jumatatu binti yangu Milembe na mwenzake wanakwenda ofisini huko Uholanzi kumwandikisha mtoto. Wakienda bila jina langu wataandika lile la upande wa baba.

— Lipi?

Karani alikunywa kahawa kwanza.

— Precious.

Benchi lilipokea jina hilo kwa adabu, kama linavyopokea habari ya msiba.

— Si jina baya, alisema Januarius. Huyu alikuwa katekista kwa miaka ishirini na mbili, na kwa kuwa alihubiri hata pale alipoombwa chumvi, walimwita Paroko.

— Sikusema ni baya. Nimesema si la kwetu. Ng'ombe wa mahari walipoingia hapa tulikubaliana mbele ya watu: mtoto wa kwanza, jina linatoka kwangu. Ni wa kike. Anaitwa Mhoja, kama mama yangu mzazi.

— Sasa si umtumie meseji! Soko Huria alipiga goti. Herufi tano. Unabonyeza, fyu, Uholanzi hiyo!

— Meseji ni ya kuulizia bei ya pamba. Jina halitumwi. Mtoto anatazamwa usoni, baba na mama wakiwa wameketi wote wawili, anatajiwa watu wake mmoja mmoja, kuanzia aliyefyeka pori la Migato. Ndipo anaitwa.

— Watu wangapi hao?

— Tisa.

Alisema tisa bila kupandisha sauti, lakini mgongo wake ulinyooka kidogo. Wengi pale walijua watatu wa kwao, wanne kwa kubahatisha. Yeye aliwajua tisa, na waume zao na wake zao, na nani alikufa mwaka wa nzige.

Mtu wa nne benchini, Bundala, fundi redio aliyeitwa Injinia, alisimama akachungulia dirishani kwa majivuno. Mtambo uliotundikwa pale ulikuwa kazi yake. Milembe alipokwenda kusoma Uholanzi aliacha laptopu na modemu, kijiti kisichozidi kidole gumba, lakini ndani ya nyumba kijiti hicho hakikushika kitu. Bundala ndiye aliyekifunga ndani ya sufuria ya bati, akaitundika sufuria kwenye nondo za dirisha, mdomo ukielekea mnara wa simu, akavuta waya mrefu mpaka kwenye laptopu juu ya meza. Siku ya kwanza Milembe alipotokea kwenye kioo na mtoto mkononi, watu walijaa mpaka barazani. Ilikuwa nyumba ya kwanza mtaani kuwa na intaneti yake, na hata watu wa ofisi za mkoa walisikia.

— Mimi bado nasema ni umeme, alisema Bundala. Kiwanda kikiwasha mashine, umeme unashuka, modemu inazimia.

Karani alifungua daftari. Hakuwa mtu wa kubishana kwa maneno matupu.

— Tarehe ishirini na tisa Julai, Jumapili. Kiwanda kimesimama. Ukakatika saa kumi na dakika kumi na mbili. Tarehe nne Agosti, umeme haukuwepo mtaa mzima, laptopu inakula chaji yake. Ukakatika saa kumi na dakika tisa.

— Waya, basi.

— Umebadilisha mara mbili.

— Ni kweli. Lakini mimi nilishauri tuiteremshe modemu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Tuliiweka mvunguni siku nzima, Injinia. Haikushika hata nukta.

— Kwa sababu hatukuinama vya kutosha.

Soko Huria alicheka mpaka kashata ikamkwama kooni. Alipopata pumzi alisogea katikati ya benchi, mahali anapokaa mtu mwenye neno.

— Nyie mnahangaika na nyaya. Hii ni biashara, bwana! Enzi za chama, mnunuzi mmoja, bei moja, hakuna aliyekatika. Leo makampuni ya simu mangapi? Huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Mmesahau kule Nkoma, wanunuzi wawili walipokutana kwenye kijiji kimoja? Huyu alimwaga maji barabarani gari la mwenzake likwame. Ndivyo wanavyofanyiana angani, juu ya bati la Karani.

— Tumejaribu laini za makampuni mawili, alisema Karani. Ukurasa wa pili huu. Zote zilikatika.

— Si ndiyo ninachosema! Zinakatana! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Intaneti inajitembeza, ndiyo maana haitulii nyumbani kwa mtu.

— Kuna jambo linaninyima usingizi, alisema Bundala, safari hii bila majivuno. Mtandao ukiwa mdogo, taa ya modemu inapepesa. Hii haipepesi. Inazimika moja kwa moja, kama mshumaa uliopulizwa. Dakika mbili, inawaka yenyewe, lakini kule wameshaondoka. Miaka yangu yote ya ufundi sijaona kitu kinachojizima halafu kikatubu.

— Labda kosa liko kule kule, Soko Huria alidakia. Uholanzi nimeisoma mimi, shule ya msingi. Nchi iko chini ya bahari! Wamejenga ukuta, wanaishi nyuma yake kama mpunga jarubani. Sasa ukuta ukivuja kidogo tu, intaneti si inaingia maji?

— Na njiani je? Bundala naye alipata nguvu. Waya wa dunia unapita chini ya bahari. Nimesikia papa wanautafuna.

— Papa hao, aliuliza Karani, wanajuaje kama ni Jumamosi na Jumapili saa kumi?

— Papa anajua sana, Karani. Usimdharau papa.

Muuza kahawa alizungusha vikombe. Januarius aliinua kidole kimoja, na mtu kama yeye akiinua kidole, watu hujiandaa kwa mahubiri.

— Karani. Nisomee hapo. Si saa, si umeme. Mara zote sita, ulikuwa umefika wapi katika maneno yako?

— Nilikuwa sijaanza. Tumesalimiana, nimeuliza afya, nimemwambia Milembe tuanze. Basi.

— Hujawahi kutaja hata jina la kwanza?

— Hata la kwanza.

— Mara sita.

— Mara sita.

Januarius alishusha kikombe.

— Basi si waya. Ni mwenye jina. Bibi Mhoja hataki kupelekwa kwenye baridi. Unamvuta, naye anakata.

Hakuna aliyecheka. Karani alijibu kwamba hilo halikuwemo katika katekisimu yoyote, lakini alikitua kikombe chini bila kukimaliza. Mama yake alikataa kuhama Migato hata pale paa lilipoanguka; alikataa kulazwa Mwanza; alisema mtu akizikwa mbali, anakuwa ameazimwa tu. Kila usiku tangu Jumapili iliyopita Karani alikuwa akijiuliza jambo hilo hilo, na kulisikia mdomoni mwa mwingine, mchana kweupe, kulikuwa kama kusomewa barua aliyodhani ameificha. Kama mama yake hakubali, basi ni Precious, na yeye ndiye atakayekuwa karani wa ukoo aliyewaandika tisa akashindwa kumwandika wa kumi.

Wakati huo alifika mwanamke wa makamo na ndoo ya dagaa kichwani. Alikuwa Dorkasi wa Kalemela, kule ziwani, aliyekuja Bariadi kila Jumamosi kuuza. Kwa kawaida alikuwa akipita tu. Siku hiyo alitua ndoo, akakaa pembeni kabisa ya benchi, akaomba kahawa, akapewa, na kwa kuwa wanaume wale hawakujua kuongea taratibu, akayasikia yote: waya, makampuni, papa, marehemu.

— Samahani, baba zangu, alisema. Niulize?

— Uliza, mayu, alisema Karani, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

— Huo mtandao, unapokatika, kwenye kioo kule anakuwa ametokea nani?

— Mtu anahusianaje na waya? Bundala aliuliza.

— Sijui habari za waya, baba. Nauliza tu.

Karani alifungua daftari kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kukosa jibu humo. Alikuta tarehe. Alikuta saa na dakika, umeme, laini, waya wa kwanza na wa pili, upepo ulikotoka, mawingu. Alirudi ukurasa wa kwanza akashuka tena na kidole. Aliyekuwa kwenye kioo hakumwandika hata mara moja.

Benchi zima lilimtazama.

Karani alifumba macho, akajikalisha upya mbele ya meza yake. Milembe anacheka. Milembe anamwinua mtoto. Yeye anajiweka sawa, anasema yale maneno aliyosema mara zote sita kwa sababu bila baba na mama kuketi pamoja jina halitolewi: muite na mwenzako. Halafu kiti kinasogea kule, kivuli kinaingia, na...

— Paschal, alisema polepole.

— Huyo Paschal ni nani kwako?

— Mkwe wangu. Mume wa Milembe. Wa huko huko kwenu Kalemela.

Dorkasi alishika kikombe kwa mikono miwili.

— Na mama mkwe wake, huwa amekaa wapi?

Bundala alijua, maana ndiye aliyepanga viti. Mama Milembe alitaka kumwona mjukuu, akawekwa dirishani, ubavuni mwa sufuria, mahali penye mwanga. Alichofanya ni kuinua macho, na wengine wakainua yao, mpaka wote wakawa wanalitazama pazia la maua lililokuwa juu ya vichwa vyao. Tangu walipokaa walikuwa wakisikia nyuma ya pazia hilo mlio mdogo wa mchele ukichambuliwa kwenye ungo. Mlio ulikuwa umekoma.

Hapakuwa na haja ya mtu kueleza. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Akimwona njiani anaacha njia, anaingia hata kwenye miiba. Paschal alipokuja kuoa alimwamkia mama yule kupitia ukutani, na siku ya harusi mama alikaa kwenye turubai lake peke yake. Hiyo ndiyo heshima yao, na haina uhusiano na chuki.

— Karani, sauti ya mkewe, Felisita, ilitoka ndani, bila haraka.

— Naam, mama Milembe.

— Umeandika mpaka upepo.

— Nimeandika.

— Majuma matatu mnakaa chini ya dirisha langu mnawachunguza papa. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Karani aliligeukia pazia.

— Ulikuwa unachomoa waya?

— Nilikuwa nafunga mlango. Mkwe anaingia sebuleni kwangu bila hodi, uso mpana kama ungo huu, shikamoo mama! Nami nimebanwa kati ya kiti na ukuta, sina pa kupitia. Ningefanyaje? Nikafunga. Akishaondoka, nafungua.

— Ungeniambia.

— Ningekuambia nini, mbele ya hawa? Kwamba mtunza mila wa ukoo ndiye aliyemleta mkwe mbele ya macho yangu? Aibu hiyo ilikuwa yako, Jilala. Mimi niliifunika.

Bundala alitazama viatu vyake. Januarius alijikuna shingo na kusema kwa sauti ndogo kwamba marehemu amsamehe. Karani aliona uso wake ukichoma. Lakini joto lile halikukaa kuwa aibu. Lilishuka kifuani likageuka kitu kingine. Yeye aliwahifadhi watu tisa kwenye karatasi, akasahau kanuni ambayo hata wa kwanza wao aliishika. Mwanamke huyu hakuandika chochote. Dunia nzima ilipita kwenye sufuria yake, na dunia ilipomletea mkwe, alinyoosha mkono akaizima. Jilala alitamani Wanyantuzu wote, watu wa kabila lake, wawepo barabarani wamsikie.

— Dawa ni rahisi, Soko Huria alisema, maana hakuweza kukaa bila kusema. Mama aende jikoni, Karani atoe jina.

— Mjukuu wangu simtazami kutoka jikoni, pazia lilijibu.

— Hapana, alisema Karani. Hatoki.

Alisimama, akaingia ndani.

Saa kumi ilipofika, kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeondoka. Muuza kahawa naye alibaki. Wanaume walipanda juu ya benchi wakachungulia kwenye nondo, vichwa kuzunguka sufuria, na Dorkasi akapewa nafasi ya katikati. Felisita alikaa pale pale dirishani, kitenge kimefungwa vizuri kichwani, vidole viwili juu ya waya. Milembe alitokea peke yake, mtoto begani. Karani hakuuliza afya.

— Mwenzako yupo?

— Yupo, baba. Nimuite?

— Muite. Lakini mama yako yumo humu ndani, na ameketi.

Milembe alitazama kwanza bila kuelewa. Kisha mkono ukapanda mdomoni. Kutoka mahali pasipoonekana, sauti ya kiume ilisikika, imeshuka kabisa.

— Baba, naomba radhi. Niombee na kwa mama. Nilidhani kwenye kompyuta haihesabiki.

— Uso ni uso, alisema Felisita, akiliambia pazia.

— Njoo uketi, alisema Karani. Ujue tu jinsi ya kuketi.

Kiti kilisogea. Aliyeingia kwenye kioo aliingia kinyumenyume, hatua fupi fupi, akipapasa nyuma kwa mkono mmoja: sweta la kijivu, kisogo, masikio mawili. Aliketi akiwapa mgongo watu wa Bariadi. Milembe akampa mtoto, naye akamweka begani, na juu ya bega lile ukatokea uso mdogo, macho wazi, ukiitazama sebule ya babu yake.

Vidole vya Felisita viliachia waya. Taa ilibaki ya kijani.

Karani alitaja watu wake bila daftari, amesimama wima, kama alivyosimama zamani kusoma uzito wa pamba mbele ya wakulima. Alianza na Gamaya aliyefyeka pori. Akaja kwa Maduhu, akaja kwa Nkwabi, akashuka.

— Umemruka Ng'washi, alisema Felisita.

Kweli alikuwa amemruka. Alirudi, akamtaja Ng'washi na mumewe, akaendelea mpaka akamfikia mama yake, na hapo sauti ilimkatika kidogo, akasubiri mpaka ikarudi.

— Na wewe ni Mhoja.

— Mhoja, alisema Milembe.

— Mhoja, alisema Paschal, akiuambia ukuta wa Uholanzi.

Nje ya dirisha Januarius alivua kofia. Soko Huria alinong'ona kwamba hii sasa ndiyo intaneti ya makao makuu ya mkoa, akapigwa kiwiko na Dorkasi. Felisita aliinuka. Kwa mara ya kwanza alitoka dirishani, akavuka sebule bila kuficha uso, akainama mbele ya kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akakipangusa kwa ncha ya kitenge. Alimtazama mtoto paji la uso, akamtazama pua, akaita jina lile kwa sauti ya jikoni, ya kila siku, na mtoto akapiga chafya. Alichukua muda wake. Alikuwa na majuma matatu ya kutazama. Na kwa muda wote huo, mpaka bibi aliposhiba, Paschal alikaa shingo imenyooka, mikono imemshika binti yake, wala hakugeuka.